Wimbo Umefika, Mwimbaji Yuko Wapi?



Kila mwaka, nchi za kaskazini zinapoagana na baridi na miti yake kuanza kuchipua, katika miji mingi ya Ulaya, ya Mashariki ya Kati na ya Marekani hufanyika matamasha ya muziki na maonyesho ya sanaa ya Wapalestina. Majira hayo yana uzito wa pekee kwa watu hao. Tarehe 30 Machi wanaadhimisha Siku ya Ardhi, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1976 Wapalestina sita waliuawa katika mgomo na maandamano ya kupinga kunyang'anywa mashamba. Tarehe 15 Mei wanakumbuka Nakba, yaani maafa, ya mwaka 1948, ambapo watu zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na walio wengi hawakuruhusiwa kurudi. Kati ya kumbukumbu hizo mbili za msiba, watu hao huimba, hupiga udi, na kutundika michoro yao ukutani ili wageni waione.

Huku kwetu Kinampanda, juu ya uwanda wa Iramba, majira hayo ni ya mwisho wa mvua. Mtama unakomaa, alizeti zinainamisha vichwa, na kila mwenye shamba anahesabu magunia ambayo bado hayajajaa. Kwa hiyo ni haki mtu aulize: sisi tunahusika nini na muziki wa Wapalestina? Na mwingine, mwenye uchungu zaidi, aweza kuuliza: inakuwaje watu waliofiwa waandae matamasha? Je, watu wanapokufa kwa maelfu, ni saa ya kuchora picha na kupiga vinanda?

Maswali hayo mawili yanastahili jibu, nami nitajaribu kulitoa. Kwa kifupi, nasema hivi: kuusikiliza wimbo wa anayeonewa ni tendo la haki, lakini tendo hilo halijakamilika mpaka msikilizaji amwulizie mwimbaji yuko wapi na anaishije. Atakayeshangilia wimbo na kumsahau mwimbaji amejiburudisha tu. Sisi Watanzania tuna sababu za pekee za kulijua jambo hili.

Wimbo wa mwalimu

Katika shule zetu, tangu za msingi hadi chuo chetu cha ualimu, wanafunzi wetu husimama wima na kuimba "Mungu ibariki Afrika". Ni wangapi kati yetu wanaojua sauti ya wimbo huo ilitoka wapi? Ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, Mwafrika wa Afrika Kusini, aliyekuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Hakuwa mtu mkubwa. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, kama wafanyavyo walimu wengi wanaopita katika madarasa ya Kinampanda. Watu wake walikuwa wakinyang'anywa ardhi na kufanywa vibarua katika nchi yao wenyewe, naye akatunga sala ya kuimba.

Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Wimbo wake uliimbwa mwaka 1912 katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, ukavuka mipaka, na mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru ikiwa na sauti hiyo hiyo kama wimbo wa Taifa. Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Watu waliokuwa bado utumwani walituazima wimbo wa kusherehekea uhuru wetu miaka 33 kabla ya wao kupata wa kwao mwaka 1994. Na mtunzi mwenyewe? Kaburi lake katika makaburi ya Braamfontein halikujulikana lilipo kwa miaka mingi, mpaka lilipotafutwa na kupatikana, na mwaka 1996 Rais Nelson Mandela akazindua hapo mnara wa kumbukumbu. Wimbo ulikuwa umefika kila mahali, ilhali mwimbaji hana hata jiwe lenye jina lake.

Taifa letu lilijitahidi kulipa deni hilo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994. Kongwa, hapa jirani katika mkoa wa Dodoma, wapigania uhuru walipewa kambi. Mazimbu, Morogoro, watoto wa Afrika Kusini walipewa mahali pa kujenga shule, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Hatukuishia kuimba pamoja nao. Tuliwapa ardhi, shule na hifadhi, na nchi yetu ililipa gharama. Hiyo ndiyo maana ya kumwulizia mwimbaji.

Majirani zetu wa Ulyankulu

Tuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na maelfu kwa maelfu ya Warundi wakakimbilia kwetu. Serikali iliwapa makazi huko Ulyankulu katika mkoa jirani wa Tabora, na huko Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Wengi wetu tusingewafahamu kamwe, kwa sababu mkimbizi akiandikwa katika taarifa huwa ni namba, na akitajwa vijiweni huwa ni mzigo au tishio.

Lakini kutoka Ulyankulu ikatokea kwaya iliyobeba jina la barabara ya makazi hayo: Barabara ya 13. Ilikuwa kwaya ya ndugu zetu wa madhehebu mengine, lakini kaseti zake zilipigwa katika nyumba za Wakatoliki, za Walutheri, na hata katika mabasi. Watu ambao hawangekubali kuketi na mkimbizi walijikuta wakiimba naye. Kwa njia hiyo Watanzania wengi waligundua jambo ambalo taarifa za serikali haziwezi kulieleza: kwamba aliyekimbia na kifurushi kichwani ana sauti ya kwanza na ya pili, ana mwalimu wa kwaya, ana mazoezi ya jioni, na ana ugomvi na ucheshi kama sisi.

Sisemi kwamba kwaya ndiyo iliyowapa uraia. Uraia ulitolewa na Serikali baada ya mashauriano marefu, iliporidhia kuwapokea watu zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wale wa mwaka 1972 na uzao wao, na kuanzia mwaka 2014 ikawakabidhi hati. Nasema tu kwamba sheria ilipofika, iliwakuta watu ambao tayari tulikuwa tumezisikia sauti zao. Ni vigumu kumfukuza mtu ambaye wimbo wake watoto wako wanaujua kwa moyo.

Udongo, rangi na fidla

Tukiwa na mifano hiyo ya kwetu, tunaweza sasa kuwatazama Wapalestina bila kuwaona kama watu wa mbali.

Ismail Shammout alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Lida, ule ambao Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba Petro alimponya Ainea hapo. Mwaka 1948 familia yake ilifukuzwa pamoja na wenyeji wengine, wakatembea kwa miguu juani. Mwaka 1953 kijana huyo, akiwa mkimbizi huko Gaza, aliwaonyesha watu wake michoro ya safari hiyo. Mmoja unamwonyesha baba aliyebeba mtoto begani, na watoto wengine wakimfuata, jina lake likiwa ni swali tu: Kwenda wapi? Waliokuja kuutazama hawakuhitaji kuelezwa, kwa maana walikuwa wameitembea njia hiyo.

Baadaye, wakati wa maasi ya umma yaliyoanza mwaka 1987, wasanii wa Ukingo wa Magharibi, miongoni mwao Sliman Mansour, Nabil Anani, Vera Tamari na Tayseer Barakat, waliamua kutonunua tena rangi na vifaa kutoka Israeli. Wakachukua udongo, hina, kahawa, ngozi na mbao, wakafanyia kazi hivyo. Sisi ambao mama zetu wamesiriba kuta kwa udongo tangu zamani tunaelewa vizuri kwamba hakuna aliye maskini kiasi cha kukosa kitu cha kutengenezea uzuri.

Yuko pia Ramzi Aburedwan wa kambi ya Al-Amari, Ramallah. Akiwa mtoto wa miaka minane alipigwa picha akirusha jiwe, na picha hiyo ikasambaa. Alipokua alijifunza kupiga viola, aina ya fidla, akaenda kusoma muziki Ufaransa, na mwaka 2002 akaanzisha Al Kamandjâti, taasisi ya kuwafundisha muziki watoto wa kambi na vijiji. Dhuluma haikukoma kwa sababu mtoto mmoja aliweka jiwe chini na kushika fidla. Lakini tangu hapo ulimwengu umelazimika kumtazama mara mbili.

Wasanii hawa wamelipa gharama. Mchoraji wa katuni Naji al-Ali, aliyemchora mtoto Handala asiye na viatu, anayetupa kisogo kwa sababu ulimwengu umempa kisogo, alipigwa risasi London tarehe 22 Julai 1987 akafariki tarehe 29 Agosti. Fathi Ghabin wa Gaza alifungwa na utawala wa kijeshi wa Israeli katika miaka ya 1980 kwa sababu ya mchoro wenye rangi za bendera ya watu wake. Alifariki huko huko Gaza Februari 2024, akiwa mgonjwa anayesubiri ruhusa ya kutoka kwenda kutibiwa. Heba Zagout, mwalimu wa sanaa aliyependa kuchora Yerusalemu pamoja na misikiti na makanisa yake, aliuawa na watoto wake wawili katika shambulio la anga tarehe 13 Oktoba 2023. Michoro yake inaonekana bado katika nchi ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kufika. Hapo ndipo swali letu linapochoma: mchoro umefika, mchoraji yuko wapi?

Je, ni jambo la Waislamu peke yao?

Najua kwamba baadhi ya waamini wetu wanaposikia neno Palestina hufikiri ni jambo la Waislamu, na wanaposikia neno Israeli hufikiri ni jambo la Biblia. Hivyo vita ya watu wenye damu imegeuzwa vijiweni kuwa kama mechi ya Simba na Yanga, kila mmoja na jezi yake. Yatupasa kulikataa jambo hili kwa nguvu zetu zote.

Kwanza, miongoni mwa Wapalestina wamo Wakristo, ambao Kanisa lao ni la kale kuliko letu kwa karne nyingi. Mwaka 1987 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimteua Mpalestina wa Nazareti, Michel Sabbah, kuwa Patriarki wa Kilatini wa Yerusalemu. Mwaka 2000 Baba Mtakatifu huyo alifika katika kambi ya wakimbizi ya Dheisheh, karibu na Bethlehemu. Na Baba Mtakatifu Fransisko, mpaka alipofariki Aprili 2025, alikuwa na desturi ya kuipigia simu jioni parokia ya Familia Takatifu ya Gaza. Tarehe 17 Julai mwaka huo huo kanisa la parokia hiyo lilipigwa na kombora, watu watatu wakafa. Israeli ilisema lilikuwa kosa. Waliokufa ni waamini wenzetu, na waliofia mitaa ya jirani, Waislamu kwa wingi wao, ni watoto wa Mungu yule yule.

Pili, Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitufundisha kuchukia chuki yoyote dhidi ya Wayahudi, wakati wowote na kutoka kwa yeyote. Mwenye kumtetea Mpalestina kwa kumtukana Myahudi amekwisha kupotea njia. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliwaua watu wapatao 1,200 nchini Israeli na kuwateka wengine 251. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo watu zaidi ya 360 waliokuwa katika tamasha la muziki karibu na Re'im. Vijana hao walikuwa wamekwenda kucheza muziki. Hakuna ukombozi unaoweza kuhalalisha jambo hilo. Na hakuna kisasi kinachoweza kuhalalisha yale yaliyofuata Gaza, ambako kwa hesabu za Wizara ya Afya ya huko watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameuawa kabla ya mapigano kusimamishwa kwa makubaliano Oktoba 2025, wakiwamo watoto wengi.

Tatu, msiba huu uliingia nyumbani mwetu. Vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, waliuawa siku ile ya tarehe 7 Oktoba. Mwili wa mmoja wao ulishikiliwa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Walikwenda kutafuta maarifa ya shamba, kama ambavyo kijana yeyote wa Iramba angefurahi kwenda. Wazazi wao hawakuwa na jezi ya upande wowote. Basi na sisi tusiwe nayo.

Biblia yenyewe inatusaidia hapa. Zaburi ya 137 inasimulia juu ya Waisraeli waliohamishwa Babeli, wakatundika vinubi vyao mitini kwa sababu waliowateka waliwataka waimbe ili kuwafurahisha. Wimbo wa kwanza wa mkimbizi ambao sisi Wakristo tuliupokea na kuufanya sala ulitungwa na Wayahudi. Anayeipenda Zaburi hiyo anawezaje kuziba masikio pale Mpalestina anapoimba juu ya mji wake? Uchungu ni ule ule, na kumbukumbu ya nyumba ni ile ile. Lakini tuisome Zaburi hiyo mpaka mwisho. Inamalizika kwa kutamani watoto wa adui wauawe. Neno la Mungu halikutuficha kwamba wimbo wa mwenye uchungu waweza kugeuka kuwa wimbo wa kisasi. Kusikiliza si kukubali kila neno. Ni kukaa karibu na mwenye uchungu kiasi cha kuweza kumwambia: ndugu yangu, hapo pa mwisho tusifike.

Hatari ya pazia

Yapo mambo mawili ambayo wanaoandaa matamasha hupenda kuyasahau.

La kwanza ni kwamba muziki waweza kutumiwa kuficha uovu. Wakati wa vita kuu ya pili, Wanazi waliwakusanya Wayahudi katika mji wa Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Wafungwa hao, wakiongozwa na mwanamuziki Rafael Schächter, walijifunza na kuimba Misa ya Wafu ya Verdi, wengi bila hata kitabu cha muziki. Kwao ilikuwa njia ya kubaki watu. Lakini Juni 1944, wakaguzi wa Msalaba Mwekundu walipofika, Wanazi waliufanya uimbaji na michezo ya watoto kuwa pazia, wageni wapate kuondoka wakidhani mambo ni mema. Baada ya miezi michache walio wengi kati ya waimbaji hao walisafirishwa kwenda Auschwitz. Wageni walikuwa wameusikia wimbo vizuri sana. Hawakumwulizia mwimbaji.

La pili ni kwamba mtu aweza kuutumia msiba wa mbali kuupumzisha moyo wake usitazame wa karibu. Ni rahisi mtu kuvaa kitambaa cha Kipalestina au kupeperusha bendera ya Israeli, maana hakuna mmoja wa watu hao atakayekuja kubisha hodi mlangoni mwake usiku. Mkimbizi wa Kongo na wa Burundi anaweza kubisha. Kambi ya Nyarugusu huko Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu hapo wamezaliwa ndani yake watoto ambao leo ni wazazi. Humo zimo kwaya, wamo wapiga ngoma wa Kirundi ambao ngoma zao za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa wanadamu wote. Nani kati yetu amewahi kualika hata kwaya moja ya watu hao ije kuimba katika jubilei ya parokia yake? Tunawajua kwa habari za mgawo wa chakula uliopunguzwa na za kurudishwa kwao. Kama tunajali kwa kweli haki ya Mpalestina ya kuonekana kuwa mtu, tuanze kuitambua haki hiyo kwa yule aliyeko umbali wa safari ya basi.

Serikali yetu nayo ina historia katika jambo hili. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, na mwaka 1988 ikalitambua taifa la Palestina. Baadaye uhusiano na Israeli ulirejeshwa, na mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Kuwa na urafiki na pande zote mbili si dhambi. Huweza kuwa neema, mradi urafiki huo utumike kusema ukweli. Rafiki asiyethubutu kumwambia rafiki yake kwamba amekosa ni mteja tu.

Tufanye nini?

Kinampanda si mji mkuu, na hakuna atakayetuletea okestra. Lakini tunacho kitu ambacho miji mingi haina: chuo cha ualimu, ambacho mizizi yake iko katika misheni ya ndugu zetu Walutheri, na ambamo vijana wa dini zote hukaa darasa moja kabla ya kutawanyika kwenda kuwafundisha watoto wa nchi nzima. Wimbo wa Sontonga ulianza kwa mwalimu wa aina hiyo. Kwa hiyo napendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila mwaka, kati ya tarehe 30 Machi na tarehe 15 Mei, kipindi ambacho kwa kawaida huangukia Pasaka, tuwe na jioni moja ya nyimbo na michoro ya watu wanaoonewa. Ialike Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na yeyote atakaye. Michoro ya Wapalestina yaweza kuonyeshwa kwa nakala za karatasi. Karibu na kila mchoro aandikwe mchoraji ni nani, alizaliwa wapi, na nini kimempata.

Pili, katika jioni hiyo hiyo isikosekane sauti ya karibu: mwimbaji au mpiga ngoma aliye mkimbizi, au aliyewahi kuwa mkimbizi na leo ni raia mwenzetu. Asiitwe kutuburudisha na kisha kurudishwa alikotoka. Apewe kiti, chakula, na nafasi ya kusema.

Tatu, kama patakuwa na mchango, itangazwe mbele ya watu wote kiasi gani kimepatikana na kimekwenda wapi. Haki huanzia kwenye daftari la mweka hazina.

Nne, mapadre, makatekista, wachungaji na mashehe tukubaliane kwamba katika mahubiri yetu hatutatumia vita ya Nchi Takatifu kuwachochea waamini dhidi ya majirani zao. Waliokaa pamoja msibani na arusini miaka yote hawawezi kugombanishwa na mabomu yaliyoanguka maelfu ya kilometa kutoka hapa, isipokuwa sisi viongozi turuhusu.

Wapo watakaosema kwamba jioni moja ya nyimbo haitasimamisha kombora hata moja. Ni kweli, haitasimamisha. Wala wimbo wa Sontonga haukusimamisha bunduki huko Sharpeville mwaka 1960. Ulichofanya ni kuwafanya watu wa mbali washindwe kusema kwamba hawakuwajua waliouawa. Tangu hapo kila asiyetenda alikaa akijua. Nasi tukisha kuwasikiliza hawa, hatutaweza tena kujifariji kwa kutojua, na kila mmoja wetu itambidi achague la kufanya.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa au kitongoji chetu, ni nani ambaye tunaimba nyimbo zake au kufurahia kazi ya mikono yake, lakini hatujui anaishije?

2. Someni Zaburi ya 137 yote. Ni maneno gani ya uchungu tunayoweza kuyasali pamoja na Myahudi na Mpalestina kwa wakati mmoja? Ni maneno gani yanatuonya?

3. Je, tumewahi kumkosea jirani yetu Mwislamu, Mlutheri au mwingine yeyote kwa maneno juu ya vita ya Nchi Takatifu? Tutayarekebishaje?

4. Jumuiya yetu itachangia nini katika jioni ya nyimbo na michoro, na nani atakwenda kumwalika mgeni?